Pafu la Ndege



Nimeombwa niseme machache juu ya ndege, nadhani kwa sababu mwajua nafuga kuku. Sifa za ndege sote tulizikariri Kidato cha Pili: ana manyoya, mdomo hauna meno, hutaga mayai yenye gamba gumu, damu yake ni ya moto, mifupa yake mingi ina uwazi ndani. Mimi nilipata alama zote. Basi sikilizeni yaliyonipata.

Mwaka 2003, nikiwa nimestaafu, nilileta vifaranga 200 nyumbani Njombe. Ilikuwa Julai, na baridi ya kwetu mnaijua. Kifaranga wa siku chache hawezi kujitunzia joto la mwili. Nikawawekea jiko la mkaa, nikaziba kila tundu la banda, nikaenda kulala kwa amani. Alfajiri mke wangu ndiye aliyetangulia kuingia. Walikuwa wamebaki 31.

Akaniuliza, "Mzee, si wewe ulisomea mambo haya?" Sikuwa na jibu.

Pafu la ndege, ndugu zangu, si kama letu. Sisi huvuta hewa na kuitoa kwa njia ile ile, kama mvukuto wa mhunzi. Ndege hana kiwambo. Ana vifuko vya hewa mwilini, na hewa hupita mapafuni kuelekea upande mmoja tu, akivuta pumzi na akiitoa pia. Ndiyo maana wako mabata bukini wanaovuka milima ya Himalaya, kwenye hewa haba. Lakini pafu linalonasa hewa safi upesi hivyo hunasa na sumu. Gesi ya mkaa haina rangi wala harufu. Wachimba makaa wa Uingereza walishuka migodini na ndege wadogo jamii ya chiriku ili wawaonye, mpaka mwaka 1986. Mimi nilikuwa na 200, nikalala.

Siku hizi jiko langu lina bomba la kutolea moshi nje, na juu ya ukuta nimeacha nafasi ya kiganja. Vifaranga wenyewe ndio kipimo: wakirundikana karibu na jiko, wanaona baridi; wakikimbilia ukutani na kuhema midomo wazi, joto limezidi, maana ndege hana jasho.

Wenye maswali ya chakula cha kuku tuonane wakati wa chai.