MTIHANI WA MWISHO NI UKUTANI

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Mimi ni mtumishi wa serikali, na vyeti vya kila aina hupita mezani kwangu. Leo nitasema juu ya shahada ya uzamili ya sanaa, yaani uchoraji, uchongaji, ufinyanzi na kadhalika. Wapo wazazi wanaoiona kuwa ni mchezo, na wapo vijana wanaodhani kipaji kinatosha. Wote wanakosea.

Nchini Marekani shahada hiyo huitwa MFA. Kwa kawaida ni masomo ya miaka 2 au 3, yenye krediti 60. Msiichanganye na MA ya sanaa, ambayo huwa na krediti 30 hivi. Kumaliza krediti si kumaliza shahada. Yapo matakwa mengine.

Kwanza, mwanafunzi hupimwa katikati ya masomo. Walimu huingia katika karakana yake, huzitazama kazi zake na kuamua kama aendelee. Pili, huwa na jopo la walimu wa kumwongoza. Tatu, hufanya maonyesho ya kazi zake mbele ya watu. Nne, katika vyuo vingi huandika tasnifu fupi kueleza kazi hizo, kisha huitetea kwa mdomo. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Mbele ya jopo, ndugu zangu, hata kizuri huulizwa maswali.

Mfano mzuri ni Elizabeth Catlett, Mmarekani mweusi, mjukuu wa watumwa. Alipokuwa Chuo Kikuu cha Iowa hakuruhusiwa kulala katika mabweni kwa sababu ya rangi yake. Mwalimu wake, mchoraji Grant Wood, alimshauri ashike jambo analolijua zaidi. Alichonga mama na mwanawe katika jiwe la chokaa, akaandika tasnifu juu ya kazi hiyo, na mwaka 1940 akawa miongoni mwa watu wa kwanza kupewa MFA chuoni hapo. Mwaka huo huo sanamu hiyo ilipata tuzo ya kwanza Chicago. Mwaka 2017 chuo kilifungua bweni lenye jina lake.

Sasa neno la tahadhari. Huko Marekani MFA huhesabiwa kuwa shahada ya mwisho kwa mwalimu wa sanaa wa chuo kikuu. Hapa kwetu nafasi nyingi za uhadhiri hudai uzamivu. Kijana asipouliza mapema, atarudi na cheti halali kisichomfungulia mlango alioutarajia. Kwa hiyo uliza kwanza Tume ya Vyuo Vikuu, ambayo ndiyo hutathmini vyeti vya nje. Uliza pia nani atalipa ada ya mwaka wa mwisho, maana maonyesho hula fedha: fremu, vifaa, usafirishaji.

Vijana, anzeni sasa. Tunzeni kila mchoro, andikeni tarehe yake, na jizoezeni kueleza kwa nini mliuchora hivyo. Nanyi wenzangu, chumba cha sanaa cha shule hii kinahitaji karatasi, rangi na udongo. Tusiwaombe watoto maonyesho ilhali hatukuwapa brashi.