NYUMBA NJEMA SI MLANGO

Mazungumzo na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuhusu haki na amani katika familia





Nilipoombwa kuzungumza nanyi kwa niaba ya Tume ya Haki na Amani, bila shaka baadhi yenu mlitazamia kusikia habari za mipaka ya mashamba, za rushwa au za uchaguzi. Hayo ni mambo yetu, wala hatutayaacha. Lakini leo naomba ruhusa yenu tuanzie mahali padogo zaidi: mezani, jikoni, na kwenye kile kiti anachokalia baba jioni akirudi kutoka kazini. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sisi wa Tume tumezoea kubisha milango ya watu wengine. Leo nitafungua wa kwangu.

1. Kwa nini tuanzie nyumbani

Papa Paulo VI aliunda Tume ya Kipapa ya Haki na Amani mwaka 1967, ili Kanisa zima lisilale wakati maskini na mataifa madogo yanaonewa. Mwaka 1994 maaskofu walikutana Roma katika Sinodi Maalum kwa ajili ya Afrika, wakachagua kuliita Kanisa Familia ya Mungu. Sinodi hiyo ilifunguliwa tarehe 10 Aprili. Siku tatu tu kabla yake mauaji ya kimbari yalikuwa yameanza nchini Rwanda, nchi ambayo wengi wa wananchi wake walikuwa wamebatizwa. Basi neno familia halikutamkwa katika siku za raha. Lilitamkwa wakati watu waliokuwa wakisali katika kanisa moja walipokuwa wakiuana.

Tangu hapo hatuwezi kulitumia neno hilo kama pambo. Tukisema Kanisa ni familia, hatuna budi kuuliza familia zetu zenyewe zikoje. Maana ni nyumbani ambako mtoto hujifunza kwanza nani anastahili kusikilizwa na nani hastahili, nani apewe kwanza na nani angoje. Somo hilo halifundishwi kwa maneno. Linafundishwa kwa mazoea.

2. Vituko vyetu

Kila nyumba ina vituko vyake. Kwetu, mama watoto hawezi kulala mpaka akague komeo la mlango mara tatu, ingawa ni yeye mwenyewe aliyelifunga. Kifungua mimba wetu hanywi chai ila katika kikombe kimoja cha bati kilichobanduka rangi ukingoni. Ukimpa kingine, chai haina ladha. Marehemu baba mkwe alikuwa akivua kofia kila taarifa ya habari ilipoanza redioni, kana kwamba msomaji anamwona.

Nami sijambo. Nina kopo la misumari mikuukuu niliyoing'oa katika mbao za zamani kwa miaka mingi. Imepinda, ina kutu, na sijawahi kuutumia hata mmoja. Lakini ole wake atakayelitupa kopo lile! Wajukuu wanaliita benki ya babu.

Ndugu wapendwa, msidhani haya ni upuuzi. Mtu akifariki, hatukai msibani tukikumbuka vyeo vyake. Tunakumbuka ile kofia. Kumpenda mtu ni pamoja na kujua vituko vyake na kuvipa nafasi. Mwana wa Mungu mwenyewe alikaa Nazareti miaka ipatayo 30 kabla ya kuanza kuhubiri. Alikula, alifanya kazi, aliishi na jamaa na majirani waliomjua kwa mwendo na kwa sauti. Kama miaka hiyo haikuwa kupoteza wakati kwake, basi maisha ya kawaida ya nyumba zetu nayo yana utakatifu wake.

Wahenga walijua pia kwamba vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana. Kuchukuliana ni sehemu ya upendo. Hata hivyo nataka kuwaonyesha kwamba si kila tunachokiita kituko ni kituko kweli.

3. Ukoko wa mama

Marehemu baba yangu hakumaliza chakula kamwe. Daima alibakiza matonge mawili na kipande cha samaki, akaisukuma sahani mbele, akasema ameshiba. Sisi watoto tulikuwa tukivitazama vidole vyake; sahani ikisukumwa tu, tunairukia. Tulidhani baba yetu ana tumbo dogo. Nilipokuwa baba nami, nikalima kutwa nzima juani, ndipo nilipotambua kwamba hakuna mkulima mwenye tumbo dogo. Hakuwahi kututamkia kwamba anatupenda. Sahani ile ndiyo iliyosema.

Mama naye alikuwa na jambo lake. Yeye alikula wa mwisho, jikoni, na chakula chake kilikuwa ukoko alioubandua katika sufuria. "Mama anapenda ukoko," tulisema, na tulilisema kwa upendo kabisa, kama mtu anavyosema kwamba fulani hapendi pilipili.

Ikapita miaka mingi. Mama alipozeeka alikuja kukaa kwangu. Jioni ya kwanza mama watoto, kwa heshima zote za mkwe, alimbandulia ukoko mzuri, akamwekea juu ya chakula chake. Mama akautazama, akacheka kidogo, akaniambia: "Mwanangu, nani aliyewaambia mimi napenda ukoko? Wakati ule ndio uliobaki."

Usiku ule chakula kilinishinda. Baba alitubakizia sisi. Je, nani alimbakizia mama? Baba hakuwa mkatili. Sisi watoto hatukuwa wachoyo kuliko watoto wengine. Hakuna hata mmoja aliyekusudia kumnyima. Tuliiita njaa yake tabia yake, na tulipokwisha kuipa jina hilo hatukuwa na haja ya kuitazama tena.

4. Kimya changu

Msifikiri kwamba nasema ya wazazi ili nifiche yangu. Mimi sipigi, wala situkani. Nikiudhika, hunyamaza. Huweza kunyamaza siku tatu, hata nne. Chakula nakula, salamu naiitikia kwa kichwa, lakini neno halitoki. Mama watoto alizoea kuwaambia wageni, "Msijali, ndivyo alivyo." Nami moyoni nilijisifu kwamba huo ni uvumilivu.

Siku moja nilirudi nyumbani kutoka kuwasuluhisha ndugu wawili waliogombania mpaka wa shamba. Nilikuwa nimewahubiria kwamba amani haipatikani pasipo kuzungumza, nao wakapeana mikono mbele ya wazee. Nilirudi nimefurahi. Lakini nyumbani kwangu ilikuwa siku ya tatu ya kimya, kwa sababu ya jembe lililoazimwa bila mimi kuulizwa. Nikamwona binti yetu, aliyekuwa na umri wa miaka 12, akifunga mlango wa jiko polepole, kwa mikono miwili, usilie. Nikavunja kimya na kumwuliza kwa nini anaufunga hivyo. Akajibu bila kuinua macho: "Sitaki uongeze siku, baba."

Ndugu zangu, nimesikia mahubiri mengi, lakini hakuna lililonichoma kama neno hilo. Mtoto alikuwa akihesabu siku za kimya changu kama mfungwa anavyohesabu siku za kifungo. Mimi niliyekuwa mjumbe wa Haki na Amani katika kigango kizima nilikuwa mlinzi wa gereza nyumbani kwangu.

5. Kipimo

Tangu siku hiyo nimekuwa na kipimo kimoja, nami nawaachia ninyi. Mkitazama zoea lolote la nyumbani, ulizeni: nani analipa gharama yake?

Mama watoto akikagua komeo mara tatu, anayelipa ni yeye, kwa dakika chache za usingizi wake. Kopo langu la misumari linatugharimu nafasi ndogo chini ya kitanda, nasi hulipa sote tukicheka. Vituko vya namna hii tuvichukue kwa furaha. Lakini zoea ambalo gharama yake humwangukia mtu yule yule kila siku, naye hana uwezo wa kukataa, hilo si kituko tena. Huo ni uonevu uliovaa nguo za nyumbani.

Pimeni wenyewe. Tunasema, "Bwana yule ana hasira kidogo tu," kumbe mkewe anafunika mkono uliovimba. Tunasema, "Msichana wetu wa kazi hapendi kukaa na watu," kumbe hajawahi kualikwa mezani. Tunasema, "Bibi anapenda kazi, hatulii," kumbe wajukuu wenye nguvu wamekaa.

Sheria za nchi zimetutangulia katika baadhi ya mambo haya. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, inatamka kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila inasema vingine. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Yaani yule anayepika na kulea hawezi kuambiwa kwamba hakuchuma chochote. Na Mkataba Namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unataka mfanyakazi wa nyumbani apate mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Kiongozi wa jumuiya anapaswa kuyajua haya na kuyaeleza.

Hapa niseme wazi, nisieleweke vibaya. Mama au mtoto anayepigwa asiambiwe kwamba huo ni msalaba wake, avumilie. Kazi yetu ya kwanza ni kumpeleka mahali pa usalama na kumsindikiza kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Usuluhishi usitumiwe kumrudisha mtu chini ya fimbo.

Hata hivyo sheria ina mipaka yake. Hakuna hakimu awezaye kumwamuru baba amwambie mama asante kwa chakula, wala kumwamuru mzee kama mimi afungue kinywa siku ya pili badala ya siku ya nne. Hapo sheria inapokoma, Injili inaendelea.

6. Tufanye nini

Kwanza, tujifunze maneno matatu ambayo hayati Papa Fransisko hakuchoka kuzikumbusha familia: tafadhali, asante na samahani. Wako akina baba ambao neno samahani halijawahi kutoka kinywani mwao mbele ya watoto. Wanahofia heshima yao itapungua. Mimi nilimwomba binti yangu msamaha, na heshima yangu ipo.

Pili, kila familia itafute jioni moja ambapo kila mmoja, hata mtoto mdogo na mfanyakazi wa nyumbani, anaweza kusema ni zoea gani linamlemea, pasipo kuadhibiwa kwa kulisema.

Tatu, tuchunguze meza zetu. Nani hula wa mwisho? Nani hupewa kilichobaki? Kama ni mtu mmoja daima, tubadilishe leo.

Msiniulize kama nimepona kabisa. Mtume Paulo anataka jua lisitue mtu akiwa bado na hasira. Mimi mara nyingine jua hunitulia. Lakini sasa wa nyumbani mwangu wamepata dawa. Nikianza kununa, mama watoto huliweka kopo la misumari juu ya meza na kuuliza, "Baba, benki imefungwa?" Ni vigumu kununa mbele ya kopo lile.

Na mama yangu aliishi nasi miaka minne baada ya jioni ile. Kila siku alipakuliwa wa kwanza. Mwanzoni aliona haya, akataka kuinuka aende jikoni. Baadaye alizoea, maana hata haki huzoeleka. Nakumbuka jioni moja alikula polepole, akabakiza matonge mawili na kipande cha samaki, akaisukuma sahani kwa mjukuu wake mdogo, akasema ameshiba. Safari hii alikuwa na cha kubakiza.

Mungu azibariki nyumba zenu, mlangoni na ndani.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Taja kituko kimoja cha mtu wa nyumbani kwako ambacho ungekikumbuka sana kama asingekuwepo. Je, umewahi kumwambia?

2. Katika nyumba zetu ni mazoea gani tunayoyaita tabia ya mtu, kumbe ni mzigo aliotwishwa?

3. Mtoto, mzee au mfanyakazi wa nyumbani akionewa katika jumuiya yetu, anaweza kumwendea nani? Kama hakuna, tumchague nani kwa kazi hiyo?