Kabla ya Kumchapa Maksai, Tazama Gurudumu
(Maneno waliyoambiwa wanachama kwenye mkutano)



Msimu wa kupeleka mazao ghalani umekaribia, kwa hiyo tuzungumze juu ya gari letu la maksai. Gari likikwama wapo wanaokimbilia fimbo, wanasema mnyama mvivu. Jamani, aghalabu kosa si la mnyama.

Gurudumu halizunguki bure. Linapobingirika ardhi inabonyea, na tairi nalo linabonyea. Hapo ndipo nguvu inapoliwa. Kwenye mchanga gurudumu linazama, basi kila hatua linapanda kutoka katika shimo lake lenyewe. Ni sawa na kupanda kilima kisichokwisha.

Hesabu yake ni hii. Gari na mzigo wake vikiwa kilo 1,000, kwenye lami na tairi zuri, mvuto unaotakiwa ni kama kilo 10 hadi 15 tu. Kwenye njia ya udongo mkavu ulioshindiliwa ni kama kilo 30 hadi 50. Kwenye mchanga tifutifu unaweza kufika kilo 200 au kuzidi. Sasa maksai wawili, kila mmoja kilo 300, huvuta kutwa bila kuumia kama sehemu moja ya kumi ya uzito wao, yaani kilo 60. Hizo 200 watazitoa wapi? Chapa mpaka fimbo ikatike, hazipo!

Basi tufanye hivi:

1. Kwenye njia ngumu, upepo ujae sawasawa. Tairi lililolegea hupata moto, na moto huo ni jasho la maksai linalopotea.

2. Kwenye mchanga mrefu, upepo upunguzwe kidogo ili tairi likanyage kwa upana lisizame. Tukitoka mchangani tujaze tena. Gurudumu jembamba la chuma huzama kama kisu.

3. Ekseli itiwe grisi, na magurudumu yasiyumbe.

4. Penye mchanga mzigo ugawanywe. Safari mbili ni afadhali kuliko kupoteza maksai mmoja.

5. Pale bondeni tumwage changarawe na kushindilia. Njia ikiwa ngumu, maksai wale wale watavuta magunia mengi zaidi.

Maksai hana mdomo wa kusema, tumsemee sisi. Jumamosi asubuhi tukutane bondeni, kila mtu na jembe au karai lake.