Tusigawe Kumbukumbu ya Mtoto

(Maneno yaliyotolewa katika mkutano wa kamati za parokia na wafadhili)



Wapendwa wanakamati, na ninyi wafadhili wetu,

Tukizungumzia yatima, kwa kawaida tunaanza na ada, sare na chakula. Leo tunaomba tuzungumzie kitu kidogo ambacho hakimo katika bajeti zetu: kanga ya mama, rozari ya bibi, picha ya baba.

Sote tunajua yanayotokea baada ya kuanua matanga. Nguo zinagawanywa, vyombo vinaondoka na shangazi, saa inachukuliwa na baba mdogo. Jioni mtoto anabaki mikono mitupu. Akikua na kuuliza mama yake alikuwa nani, hakuna cha kumwonyesha. Kanga kuukuu haina bei sokoni, lakini kwake ni ushahidi kwamba alibebwa, alipendwa, na ana kwao.

Wenzetu wa Uganda walitutangulia. Katika miaka ya 1990, akina mama wa NACWOLA, chama cha wanawake wanaoishi na VVU kilichoanzishwa mwaka 1992, walianza kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu, vyenye habari za ukoo, za wazazi na za utoto wao. Leo dawa za kufubaza VVU zimewapa wazazi wengi maisha marefu, lakini ajali, uzazi na maradhi mengine bado vinaacha yatima.

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya jina, uraia, na kuwafahamu wazazi na ndugu zake. Nayo Maandiko, Yoshua sura ya 4, yanasimulia jinsi Waisraeli walivyotwaa mawe 12 kutoka Yordani, ili watoto wakiuliza maana yake waelezwe.

Kwa hiyo tunaziomba kamati mambo matatu:

1. Kabla ya mgawo, mzungumze na wanaukoo ili kila mtoto atengewe kitu kimoja anachokipenda.

2. Mzee anayejua habari za kitu hicho aulizwe, na majibu yaandikwe kwenye daftari.

3. Kitu na daftari vihifadhiwe pamoja na cheti cha kuzaliwa na cha ubatizo, mlezi akijua kwamba ni mali ya mtoto.

Wafadhili wetu, sanduku na daftari si gharama kubwa. Tunaomba viingie katika bajeti ijayo, kando ya sare na ada. Mtoto aliyeshiba lakini hajui kwao, bado tuna deni naye.