Tofali Dirishani

Wasikilizaji wetu, jioni ya leo twataka kuwasimulia khabari za mtoto aliyelelewa katika mji wa Chicago, Marekani, wakati wakaaji wa mtaa wake walipokuwa wakibadilika, watu weusi wakiingia na Wazungu wakitoka.

Tangu siku za Vita Kuu ya 1914, watu weusi wengi walitoka kusini mwa Marekani wakaenda Chicago kutafuta kazi. Kazi walipata, lakini nyumba zilikuwa haba, wakasongamana katika mitaa michache. Katika mitaa ya jirani, Wazungu wenye nyumba walitia sahihi hati ya kwamba hawatamwuzia wala kumpangishia mtu mweusi. Lakini hati nyingi za namna hiyo zilimruhusu mtumishi mweusi kulala kwa bwana wake. Aliweza kukaa chini ya dari ile ile, mradi nyumba isiwe yake.

Mwaka 1937 Bwana Carl Hansberry, mtu mweusi, alinunua nyumba katika mtaa kama huo. Binti yake Lorraine alikuwa na miaka 7 hivi. Kundi la watu likaizingira nyumba. Tofali likapasua dirisha, likamkosa mtoto kidogo tu. Baba alipokuwa safarini kwa ajili ya kesi, mama alikesha na bastola mkononi. Njiani kwenda shule mtoto alitemewa mate, akatukanwa, akapigwa.

Mwaka 1940 Hansberry alishinda katika Mahakama Kuu ya Marekani, lakini majaji walisema tu kwamba hukumu ya kesi ya zamani haikumfunga. Ilipofika 1948 ndipo mahakama zilipokatazwa kuzitekeleza hati zile, na mwaka 1968 sheria ikakataza ubaguzi katika kuuza na kupangisha nyumba. Lorraine alikuwa amekwisha kufa, mwaka 1965, baada ya kuandika mchezo wa kuigiza uliomletea sifa kubwa, juu ya jamaa weusi wanaotaka kuhamia mtaa wa Wazungu.

Nasi Dar es Salaam tulikuwa na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Basi tusidhani kwamba khabari hii ni ya mbali. Sheria yaweza kumpa mtu ufunguo wa nyumba. Salamu ya asubuhi hutoka kwa jirani. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Tuangalie, basi, watoto wetu wanatusikia tukisema nini mgeni anapohamia mtaani.