Macho, sikio na karatasi ya majina

Maneno tuliyosema katika kikao cha kamati za amani na wageni waliotutembelea, Kavimvira, Uvira.

Tuliombwa kusema juu ya habari na amani. Tutaanza na mwandishi mmoja ambaye hakuwa wa hapa, kisha tutakuja kwenye jambo ambalo limetugawa sisi wenyewe wanakamati. Jambo lenyewe ni ile karatasi ya mahudhurio iliyozunguka mlipoingia. Wengi wenu mmeshaitia sahihi.

Mwandishi ni Ngũgĩ wa Thiong'o, Mkenya, aliyefariki huko Marekani tarehe 28 mwezi wa 5 mwaka 2025, akiwa na miaka 87. Huenda baadhi yenu mliwahi kuona kitabu chake Shetani Msalabani. Alikiandika kwanza kwa Kikikuyu, akiwa katika gereza la Kamiti, juu ya karatasi za chooni. Alifungwa bila kesi tangu mwisho wa mwaka 1977 mpaka mwezi wa 12 mwaka 1978. Kosa lake halikusomwa mbele ya hakimu yeyote, lakini watu walilijua. Pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ aliandika mchezo wa kuigiza, na wakulima na wafanyakazi wa kijiji cha Kamĩrĩĩthũ wakaucheza wenyewe. Riwaya zake za Kiingereza serikali ilizivumilia miaka mingi. Iliposikia wanakijiji wakicheka wakubwa kwa lugha yao, ilishtuka.

Kitabu tunachotaka kukitumia leo kinazidi kurasa 700. Kinaitwa Mũrogi wa Kagogo, na kwa Kiingereza kilitoka mwaka 2006. Nakala hatuna. Kijana mmoja wa kamati yetu aliyesoma Nairobi alitusimulia jioni baada ya jioni, umeme ukiwa umekatika kama kawaida yetu, na tulicheka mpaka majirani wakauliza kuna arusi gani.

Ndani yake kuna nchi ya kubuniwa, Aburĩria, na Mtawala asiyetajwa jina. Mbunge mmoja alikwenda Ulaya hospitalini kupanuliwa macho, ili awaone maadui wa Mtawala hata wakijificha. Alipewa uwaziri, na jina lake ni Machokali. Mwenzake akaona wivu, akauza shamba la baba yake, akaenda kupanuliwa masikio ili asikie hata minong'ono. Huyo akawa waziri wa kuwapeleleza raia, na jina lake ni Sikiokuu. Wa tatu alitengenezewa mdomo, akapewa wizara ya habari. Ngũgĩ aliandika kwa Kikikuyu, lakini majina hayo aliyatoa katika Kiswahili. Msomaji wa London lazima aelezwe maana yake. Mtu wa Uvira anacheka papo hapo.

Na televisheni ya nchi hiyo inafanya kazi moja tu, kumfuata Mtawala. Akila, kamera ipo. Akipiga chafya, ipo. Hata miayo yake ni habari ya taifa.

Tulipofika hapo wazee wetu walinyamaza kidogo, halafu mmoja akasema, "Lakini huyo tulimwona sisi." Alikuwa na haki. Wakati wa Zaire, kabla ya habari za jioni, uso wa Mobutu ulionekana ukishuka kutoka mawinguni, ndipo habari zikaanza. Wale waliokuwa na televisheni mjini waliona hivyo kila siku, miaka na miaka. Baada ya mawingu zilifuata nyimbo na ngoma za animasyo, za kumsifu. Na chini, mtaani, kulikuwa na CND, ambayo baadaye ilibadilishwa majina zaidi ya mara moja, lakini kazi ya masikio ilibaki ile ile. Mdomo ulikuwa juu, masikio chini, na kati yao mwananchi ambaye aliruhusiwa kucheza ngoma tu.

Kijana mmoja aliuliza mbona hakuna waziri aliyekwenda kupanuliwa akili. Tulicheka tena. Lakini swali hilo ndilo hasa alilokuwa nalo Ngũgĩ, na si katika hadithi tu, maana lilimpata katika maisha yake.

Mwaka 1986 alitoa riwaya nyingine kwa Kikikuyu, Matigari. Ni habari ya mtu aliyepigania uhuru, anatoka msituni akifikiri vita vimekwisha, anazunguka nchi akiuliza ni wapi atapata ukweli na haki. Redio ya serikali ndani ya kitabu hicho inaitwa Sauti ya Ukweli, na kazi yake ni kusema uongo. Ngũgĩ mwenyewe alikuwa amekwisha kuhama Kenya tangu mwaka 1982. Alieleza baadaye kwamba mwanzoni mwa mwaka 1987 taarifa za upelelezi zilifika kwa wakubwa: wakulima wa Kenya ya kati wanasema juu ya mtu anayeitwa Matigari, anayezunguka akidai ukweli na haki. Amri ikatoka akamatwe. Polisi walimtafuta. Walipogundua kwamba ni mtu wa kitabuni, walikwenda kwenye maduka ya vitabu wakakikamata kitabu.

Tunaomba mtusamehe kama tunakaa sana hapa. Mtu anaweza kuisikia hadithi hii kama kichekesho, lakini sisi tuliisikia kama onyo. Serikali ile ilikuwa na masikio mengi, na yalisikia vizuri. Maneno ya wakulima yalifika yote. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza, "Huyu Matigari ni nani, mnamsema kwa nini?" Mpelelezi hawezi kuuliza hivyo, kwa sababu akiuliza anajulikana. Kwa hiyo anapeleka juu vipande vya maneno tu. Serikali ambayo haizungumzi na watu wake, inawasikiliza kwa siri tu, inakuwa mwathirika wa uvumi sawasawa na watu wake.

Na uvumi sisi wa hapa tunaujua uzito wake. Mwezi wa 10 mwaka 1996 naibu wa gavana wa Kivu Kusini aliwapa Wabanyamulenge siku chache wawe wameondoka nchini, na kabla ya mwezi kwisha Uvira ilikuwa imetekwa. Mwezi wa 8 mwaka 1998, huko Kinshasa, Abdoulaye Yerodia alitoa maneno ya chuki ambayo yalisababisha hakimu wa Ubelgiji kutoa hati ya kumkamata mwaka 2000. Mahakama ya Kimataifa huko La Haye iliifuta hati hiyo mwaka 2002, kwa kuwa alikuwa waziri wa mambo ya nje ilipotolewa. Juu ya maneno yenyewe haikuamua. Na usiku wa tarehe 13 mwezi wa 8 mwaka 2004, ng'ambo ya mpaka huu, katika kambi ya Gatumba, wakimbizi zaidi ya 150 waliuawa, wengi wao Wabanyamulenge waliokuwa wamekimbia kutoka kwetu. Asubuhi yake, hapa Kavimvira, kila avenyu ilikuwa na hadithi yake juu ya nani alivuka na nani alijua. Hatukuwa na mahali pa kuulizana pamoja. Tuliulizana nusu nusu, kila mtu na wa kabila lake, kwa sauti ya chini.

Wakubwa wanapoogopa uvumi, dawa yao ni kufunga. Intaneti ilikatwa nchini mwezi wa 1 mwaka 2015, wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi, na tena kuanzia tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2018, siku moja baada ya kura. Mwezi wa 1 mwaka 2025 Al Jazeera ilisimamishwa siku 90 baada ya kumhoji mkubwa mmoja wa M23, na mwezi wa 6 vyombo vya habari vilikatazwa kwa muda kama huo kutangaza habari za Joseph Kabila na chama chake. Upande wa pili wa vita haukutupa mfano bora. M23 ilipoichukua Goma na Bukavu mwanzoni mwa mwaka huo huo, waandishi wengi wa habari wa huko walikimbia. Majirani zetu wa Bujumbura waliona mapema zaidi: mwezi wa 5 mwaka 2015, katika siku za jaribio la mapinduzi, redio zilizokuwa zinasikilizwa mpaka huku Uvira, RPA, Bonesha na Isanganiro, zilishambuliwa na kunyamazishwa. Kila mara tuliona jambo moja. Redio ikinyamaza, uvumi haunyamazi. Unapanda bei.

Sasa tuje kwenye karatasi.

Kwa miaka mitatu kamati yetu ilikutanisha watu wa makabila ya hapa, Wavira, Wafuliiru, Wabembe, Wabanyamulenge, Warundi wa uwanda wa Ruzizi, wamama wa soko, vijana wa pikipiki, wakati mwingine hata watu waliotoka katika vikundi vya silaha. Kila kikao kilikuwa na karatasi: jina, kabila, kartye, namba ya simu, sahihi. Nafasi ya kabila tuliiweka sisi wenyewe, ili tuonyeshe kwamba wote wapo. Tulijivunia. Karatasi zilikaa katika kabati, ndani ya chumba tulichokodi.

Mwezi wa 12 mwaka 2025 M23 waliingia Uvira. Maelfu ya watu walivuka kwenda Burundi, sisi tukiwa ndani. Mtu anapokimbia anabeba mtoto, sufuria, karatasi za shule. Hakuna aliyebeba kabati. Tulikuwa upande wa pili ndipo mmoja wetu akasema, "Zile orodha." Hakuna aliyejibu. Mtu anayetaka kujua nani katika kartye alikaa meza moja na nani, na simu yake ni ipi, hakuhitaji tena kupanuliwa masikio huko Ulaya. Tulikuwa tumemwandikia sisi, kwa mwandiko mzuri, na mistari tuliipiga kwa rula.

Mama mmoja wa kamati hakuwa amevuka. Alikwenda usiku wa pili, alikuwa na ufunguo, akazibeba nyumbani chini ya kanga, akazichoma ndani ya mbabula. Anasema ziliivisha maharage. Mpaka leo hatujui kama kuna mtu aliyekuja kuzitafuta. Labda hakuna. Lakini watu waliosikia kwamba zimechomwa walirudi kuja vikaoni, na wengine walituambia kwamba kwa miezi walikuwa wanaandika majina ya marehemu wajomba zao, kwa woga.

Baadaye tulipeleka ripoti kwa mfadhili mmoja, ambaye hatutamtaja. Jibu lilikuja kwamba bila orodha zenye sahihi, pesa za chakula cha vikao hazitambuliwi, na huenda turudishe. Hapo tuligombana vibaya. Mtunza sanduku wetu, ambaye ni mtu mwaminifu na ameketi hapa, alisema mama amefanya kosa kubwa, na sababu zake si za kipuuzi. Tumeona vikundi ambavyo vilikula pesa za amani kwa majina ya watu ambao hawakuwepo. Orodha ndiyo iliyowashika. Wengine walithubutu kusema mama alichoma ili kuficha wizi. Neno hilo lilimuumiza, na aliyelisema ameomba msamaha mbele yetu. Hatujakubaliana wote. Tunawaambia hivyo wazi, kwa sababu mngeliona wenyewe kabla ya jioni.

Ngũgĩ alikuwa na nafasi ya kusema kwa nguvu. Miaka yake ya mwisho alifundisha California, na hakuna aliyekuja usiku kugonga mlango wake huko, ingawa aliporudi Kenya mwaka 2004, baada ya miaka 22, yeye na mke wake walishambuliwa katika nyumba waliyofikia Nairobi. Sisi tunasema tukiwa hapa hapa. Kwa hiyo hatuombi vitu vikubwa. Juu ya wapelelezi wa dola, hatuna uwezo wa kuwaondoa, na huenda mmoja yuko nasi humu. Karibu, baba, sikiliza yote, usipeleke nusu. Lakini juu ya karatasi zetu wenyewe tuna uwezo.

Tunaomba wafadhili wakubali hesabu ya vichwa, ya wanaume na wanawake, iliyothibitishwa na mashahidi wawili waliochaguliwa na kikao chenyewe, pamoja na risiti ya mchele na maharage. Nafasi ya kabila tumeifuta tangu mwezi uliopita. Namba za simu za watakaohitaji kuitwa zitakaa kwa mtu mmoja mmoja wa kila kartye, si katika kabati. Picha zitapigwa kwa ruhusa, na nyuso za wale wasiotaka hazitatumwa katika vikundi vya simu. Mtunza sanduku anataka tujaribu hivyo miezi sita kwanza, tuone kama mianya ya wizi inafunguka. Tumekubali.

Karatasi ya leo iko mezani pale karibu na mlango, na kalamu iko juu yake. Ni ya zamani, tuliipiga chapa kabla ya kuamua. Anayetaka kufuta jina lake afute sasa, kabla chakula hakijaletwa. Hatutaangalia ni nani aliyefuta.