Kuidurusu Hati ya Bima ya Nyumba Kabla ya Maafa



Tarehe 10 Septemba 2016, ardhi ya Kagera ilipotikisika kwa tetemeko la ukubwa wa 5.9, nyumba nyingi za Bukoba zilizojengwa kwa jasho la miaka ziliporomoka kwa muda mfupi mno. Na Desemba 2011, mvua kubwa zilipoufurisha mto Msimbazi, maji yaliyafunika makazi ya bondeni Dar es Salaam, hata serikali ikawahamishia Mabwepande wengi wa waliokumbwa na janga hilo. Nayataja maafa haya kwa sababu moja inayomhusu kila mwenye nyumba aliyekata bima: hayakuletwa na moto.

Aghalabu hati tuiitayo bima ya nyumba, kwa asili yake, ni bima ya moto na radi, ilhali mafuriko, tufani na tetemeko huingia kwa nyongeza iliyoandikwa bayana na kulipiwa ada yake. Minghairi ya nyongeza hiyo, mtu aweza kulipa ada mwaka baada ya mwaka bila kukosa, na siku ya msiba asiwe na dai lolote. Wapo wanaoghadhibika wakayaita makampuni madhalimu. Mimi lawama yangu kubwa naielekeza kwa wakala auzaye hati pasipo kuisoma pamoja na mteja wake.

Lakini hata mwenye nyongeza hajasalimika, madhali kiasi alichokatia bima kimepitwa na bei za saruji, nondo na mabati. Tuchukue nyumba ambayo kuijenga upya leo kwahitaji shilingi milioni 100, nayo imekatiwa bima ya milioni 50, kwa kuwa ndizo zilizotumika ilipojengwa. Mafuriko yakiiletea hasara ya milioni 40, mwenyewe hudhani atalipwa zote, maana hazijafikia 50. Kumbe kwa sharti la uwiano, lililomo katika hati nyingi za namna hii, kampuni humhesabu kuwa amejibebea nusu ya hatari, ikamlipa milioni 20, na hata hizo baada ya kukata kile kiasi cha kwanza cha hasara ambacho mkataba umemwachia yeye. Thamani ya kiwanja, kwa upande mwingine, haimo katika hesabu hii, na anayeijumuisha hulipia ada kitu ambacho hakitafidiwa.

Aliyejenga kwa mkopo naye aangalie kama bima aliyotakiwa na benki yaishia kwenye deni tu, au yamfikia yeye pia.

Nawaomba basi, waungwana, kila mmoja aifungue hati yake kabla ya masika, amwandikie wakala kuuliza kama maji na tetemeko vimo, na kwa kiasi gani, wala asiridhike na jibu la mdomo. Mto ukishafurika, hakuna kampuni itakayokubali kuiongeza kinga hiyo.